Kwa Musyoka, Uliyesema Makosa ni Yako

Musyoka ndugu yangu,

Simu zangu hupokei. Meseji unazisoma, naziona zimegeuka buluu, halafu kimya. Basi nakuandikia barua, tena ya kusomwa mbele za watu, kwa sababu nimechoka. Miaka mitatu sasa. Watu wengine wakiudhika hutukana, hubamiza mlango, na kesho yake mmeketi tena mnakunywa chai. Wewe ulifunga virago vyako hapa mtaa wa Tena ukarudi kwenu Mwingi, na neno la mwisho uliloniachia ni "Hakuna shida, Salim." Ningeona afadhali unitukanie ukoo mzima.

Mwezi ujao nataka kupeleka posa, na sitaki kwenda bila wewe. Nimelisema mwanzoni ili usidhani nakuzungusha. Lakini kabla sijafika huko nitalalamika, maana hata wewe una makosa yako na hakuna aliyewahi kukuambia.

Kosa la kwanza ni lile gari. Unakumbuka wiki yako ya kwanza pale ploti, kwenye nyumba zetu za kupanga? Asubuhi, watu wanakwenda kazini, na gari lako jeupe, Sultani kama ulivyoliita mwenyewe, limezima katikati ya geti. Nyuma yako magari yamepangana yanapiga honi. Mimi nikateremka na kikoi, mswaki mdomoni, nimejiandaa kugombana. Nikakukuta umeketi ndani umetulia kama uko sebuleni kwako, umeteremsha kioo, unaniambia, "Niaje jirani. Hebu nisukume kidogo." Kidogo. Tulisukuma mimi na jirani yetu Odhiambo mpaka karibu na soko, ndara yangu moja ikakatika, na gari lilipowaka ukaondoka nalo. Hukusimama hata kusema asante. Tukabaki barabarani, mimi na kikoi changu, Odhiambo na shati lake la ualimu limelowa mgongo mzima, tunakusengenya kwa sauti ya juu. Nusu saa baadaye ukarudi na mandazi ndani ya gazeti, ukaeleza kwamba ungesimama lingezima tena. Tukala mandazi yako. Ndivyo ulivyotupata.

Tangu hapo Jumamosi zangu zikaisha. Mimi muuza mapazia wa Eastleigh, nina asubuhi moja tu ya kulala kwa wiki, na asubuhi hiyo nikawa naitumia kushika tochi mchana kweupe nikikumulikia injini. Odhiambo anasoma habari za plagi kwenye simu kwa sauti ya darasani. Abdi, ambaye alikuja tu siku moja kuniletea mzigo kwa pikapu yake, naye akanaswa. Na kila mmoja ana fundi wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniua. Gari likikohoa tu, Odhiambo anasema, "Msiguse, niko na fundi wangu Mukuru kwa Njenga." Abdi anasema, "Huyo ataliua. Mtu wangu yuko Eastleigh, anafungua injini akiwa amefumba macho." Fundi wa Odhiambo akija anauliza ni nani aliyeharibu hapa. Fundi wa Abdi akija baada yake anauliza vivyo hivyo. Sijawahi kumsikia fundi akisifu kazi ya fundi mwingine. Nawe uko katikati yao, unasema hakuna shida, unawanunulia soda wote wawili.

Halafu ile geji ya mafuta. Ilikuwa imekufa kabla hujalinunua gari, na badala ya kuitengeneza ukajifundisha kusikiliza. Ulikuwa ukiniambia nilitikise gari kwa nyuma, nawe umelala chini, sikio karibu na tangi, unasikia mafuta yanavyocheza. "Robo," unasema. Au, "Haya yananifikisha Donholm na kurudi." Mtu mzima, fundi wa umeme anayeaminiwa na maploti mazima, amelala kwenye vumbi anasikiliza tangi. Majirani wakipita wanatuuliza kama gari lina mimba. Na ulichosikia kilikuwa kweli kila mara, hilo nalo lilinikera.

Lakini Mama alipougua, ni gari hilo hilo lililompeleka kliniki kila Jumatatu, karibu mwaka mzima. Sikukuomba. Ulikuja tu getini alfajiri, umeweka mto kwenye kiti cha mbele, unamsubiri. Halikuzima hata siku moja Mama akiwa ndani. Nilikuuliza siri yake, ukasema Jumapili jioni huwa unalikagua peke yako, na ukaniomba nisiwaambie Odhiambo na Abdi, wasije wakawaleta mafundi wao. Mama akawa anakuita mwanangu wa Mwingi. Siku ya kumzika ulisimama nasi makaburini, kofia ya Ami Athumani kichwani, na ulilia kuliko mimi. Kwa watakaoisikia barua hii na hawamjui, Ami Athumani ni ndugu yake marehemu baba yangu, na mambo yote ya ukoo wetu hupitia mikononi mwake.

Sasa nafika kwenye posa ya Nasra, na hapa naomba Mungu anipe moyo.

Nasra alikuwa akishika duka la vyombo la baba yake, ghorofa moja juu ya mapazia yangu. Miaka miwili ya kuamkiana kwenye ngazi, mpaka siku moja akaniambia mwenyewe, "Wewe utaniamkia mpaka lini?" Nikamtuma Ami. Baba yake Nasra, mtu wa msimamo na mtu wa saa, akajibu, "Njooni Jumamosi baada ya swala ya alasiri. Nikiinuka kwenda kuswali magharibi, mazungumzo yamekwisha." Tukapanga magari matatu. Wewe mbele na Sultani, Ami Athumani kiti cha mbele, barua ya posa ameifunga kwenye leso nyeupe, mimi nyuma. Odhiambo anafuata, amewabeba shangazi zangu na sinia za halua. Abdi mwisho na pikapu. Kutoka Tena mpaka Eastleigh, jamani. Mtu angeamua kwenda kwa miguu, akitoka mapema, angefika.

Tulizima mbele kidogo ya Buruburu. Gari likakohoa mara mbili, likanyamaza.

Ndipo marafiki zangu wakanisaidia. Mungu awape umri mrefu, lakini walinisaidia mpaka nikakosa mke. Odhiambo alileta gari lake pua kwa pua na lako, akaunganisha waya za betri, akajaribu na kujaribu mpaka betri yake nayo ikafa. Sasa shangazi zangu nao wamekwama, sinia mapajani, jua linawapiga. Akampigia fundi wake. Fundi akaja na pikipiki kutoka Mukuru, akafungua, akatikisa kichwa, akasema ni koili, ile ya kutoa cheche. Akaitoa, akaitia mfukoni, akaondoka nayo kwenda kuipima kwa mwenzake. Abdi alipoona hivyo hakuweza kuvumilia, akaenda Eastleigh kumchukua mtu wake. Mimi nikamwambia Ami, "Panda na Abdi, utangulie na barua." Ami akakunja uso. "Mimi siendi kubisha hodi kwa watu peke yangu, nimepakiwa kwenye pikapu kama gunia la mchele. Tumetoka pamoja, tutafika pamoja."

Na hapo ndipo tulipojimaliza. Ili kumpata fundi wake, Abdi ilibidi apite First Avenue, chini kabisa ya nyumba ya akina Nasra. Akamleta fundi. Fundi akasema apewe pampu mpya. Abdi akarudi Eastleigh kununua pampu. Pampu ikawa si yenyewe. Akarudi tena kuibadilisha. Baba yake Nasra na wanawe wamekaa roshani na kanzu zao zilizopigwa pasi, wanaitazama pikapu wanayoijua, ile ile inayowaletea vyombo kila wiki, ikipita, ikiwapigia watu honi, ikiendelea na safari. Mara tatu. Nilipomuuliza Abdi kwa nini hakupanda hata kuwaeleza, aliniambia, "Ningeingia vipi kwa watu wa posa bila bwana harusi, mikono imejaa grisi? Ningekuaibisha."

Na mimi nami. Nasra alinipigia mara tatu, na mara zote tatu nilimwambia, "Tuko hapa karibu." Mtu wa Nairobi hata akiwa bado anaoga nyumbani husema yuko hapa karibu. Mara ya tatu alikata tu.

Kisha simu ya Ami ikalia. Aliweka sauti ya juu kwa sababu hasikii vizuri, kwa hiyo tulisikia sote. "Mzee mwenzangu," baba yake Nasra alisema, kwa adabu kabisa, "gari lenu tumeliona likipita chini yetu mara tatu, na kijana wako anamwambia binti yangu kuwa mko karibu. Sisi si watu wa kuchezewa. Rudini salama." Ami akaitia simu mfukoni. Akaifungua ile leso, akaitazama barua, akaifunga tena.

Fundi wa Abdi, ambaye hakujua lolote lililotokea, ndipo akatoka chini ya gari akijipangusa. "Hii tangi iko kavu kabisa," akasema. "Nani alikuwa wa kuweka mafuta?"

Watu wote wakakugeukia wewe. Odhiambo akasema, "Musyoka, wewe ndiye wa kusikiliza tangi. Leo masikio yalikuwa wapi?" Ukanitazama, mara moja tu. Halafu ukamgeukia Ami Athumani, mikono umeiweka nyuma kama mwanafunzi, ukasema, "Ni makosa yangu, Mzee. Sikuangalia. Nisameheni."

Sasa Odhiambo, Abdi, shangazi zangu, nyote mtakaokuwa mmeketi kwa Ami mkisomewa haya, nisikilizeni. Musyoka analijua hili tangu siku ile. Ni ninyi msiolijua.

Mafuta niliyamaliza mimi. Ijumaa jioni niliazima gari kwa Musyoka nikachukue zile sinia kwa shangazi Eastleigh. Sinia nilizipata mara moja. Lakini moyo ulikuwa haukai, kesho naposa, nikaanza kuzunguka First Avenue nikiitazama nyumba ya akina Nasra. Msongamano ule, injini inanguruma, nazunguka, narudi, nazunguka tena, saa mbili nzima, mtu mzima na ndevu zangu. Nilipokuwa nikirudi Tena nilipita kituo cha petroli, nikakuta foleni, na kinyozi alikuwa karibu kufunga. Nikasema nitaweka asubuhi. Asubuhi, pamoja na makelele ya shangazi zangu, nikasahau.

Na nilipokurudishia ufunguo ile Ijumaa, uliniuliza, "Tulitikise tusikilize?" Nikakujibu, "Ya nini? Nimelijaza." Niliona haya kukurudishia tangi tupu, ni hilo tu. Na wewe, kwa mara ya kwanza tangu ulinunue lile gari, uliamini neno la mtu badala ya sikio lako. Mtu mwenyewe nikawa mimi.

Gari lilipokohoa nilijua. Nilijua kabla hujageuza ufunguo mara ya pili. Ningefungua mdomo, Abdi angeleta mafuta kwa dakika kumi na tungefika hata kabla ya chai. Lakini tulipokuwa tunatoka Tena, Ami alikuwa amegeuka akaniambia, "Leo umekuwa mtu mzima, laiti baba yako angekuona." Nikaona nitasemaje baada ya hapo. Nikangoja mtu agundue mwenyewe. Wao wakagundua koili, wakagundua betri, wakagundua pampu. Nilisimama pale nimeshika tochi, nawatazama marafiki zangu wakivunja gari zima kutafuta kitu ambacho nilikuwa nacho mdomoni.

Na wewe, Musyoka, hebu niambie, ni nani aliyekuomba unifunike? Hilo ndilo kosa lako kubwa na ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ungesema tu, "Salim aliniambia amelijaza." Maneno matatu. Ningeaibika siku moja, Ami angenifokea wiki nzima, yakaisha. Badala yake uliyabeba wewe, kimya kimya, kwa sababu ulidhani kuniokoa mbele ya wazee ni kunisaidia. Ulidhani pia kwamba jioni ile ile nitawaambia mwenyewe. Najua ulidhani hivyo, kwa sababu ulikuja kwangu na mandazi, ukakaa, ukazungumzia mpira, ukanyamaza, ukanipa nafasi. Nikakupa chai. Sikusema kitu.

Ukaja tena wiki iliyofuata. Sikusema.

Mtaa nao ukaanza. Mtu akichelewa kazini, "amefanya Musyoka." Matatu ikizima stendi, "leo tumefanyiwa Musyoka." Watoto wasiokujua wakawa wanalitumia jina lako kama neno la kawaida. Ulikuwa unapita hapo hapo wakilisema, unatabasamu. Mara moja walilisema tukiwa pamoja, wakacheka, na mimi nikacheka. Ulinisikia. Sitaki kujitetea hapo.

Kisha ukaamua kuliuza gari. Ulisema halikufai tena. Siku mnunuzi alipokuja halikuwaka, na ukaja kunigongea mlango kama kawaida, "Hebu nisukume kidogo, jirani." Nilikusaidia. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, tukampelekea mnunuzi mpaka barabarani, huku najua kwa nini unaliuza, nawe unajua kwamba najua. Ukanishukuru. Mwisho wa mwezi ukahama.

Sasa miaka mitatu imepita. Nasra ameolewa, tunaamkiana kwenye ngazi, hana kinyongo. Nami nimempata Rehema, binti wa fundi cherehani wa Umoja, ana akili kuliko mimi na hivyo ndivyo ninavyotaka. Wiki iliyopita nilimpelekea Ami Athumani barua mpya ya posa. Akauliza, "Dereva ni Musyoka?" Nikasema hupokei simu zangu. Akauliza kwa nini. Sijui ni uchovu au ni nini, nikamwambia yote. Ami hakufoka, na hilo lilinitisha. Aliikunja ile barua ya posa, akaiweka chini ya mto anaoegemea, akasema, "Hii haitoki hapa. Kuna barua nyingine inatangulia, na itasomwa mbele ya wote waliomwona yule kijana akiomba msamaha." Nilipomweleza Rehema kuwa posa imekwama, na kwa nini, aliniuliza, "Na mimi siku moja utaniacha nibebe hivyo?" Nilimwambia hapana. Akasema, "Basi nitaona."

Hiyo ndiyo hali. Hapa nilikuwa nimeifunga barua.

Naongeza haya leo asubuhi. Jana niliisoma kwa Ami, watu wote wakiwepo. Shangazi mmoja alitoka nje nilipofika kwenye mafuta. Odhiambo aliinuka nilipomaliza, akachukua funguo zake, akaondoka bila kuniaga. Najua yeye ndiye aliyekuuliza masikio yalikuwa wapi, na sasa hajui aliweke wapi lile neno lake. Abdi alibaki. Aliuliza jambo moja tu, "Kwa hiyo siku tulipomsindikiza kupanda basi, ulikuwa unamwangalia tu?" Nikasema ndiyo.

Kwa hiyo ukija, usinikute peke yangu unifanyie ule wema wako. Sikuombi unisamehe. Wewe kusamehe ni kwepesi mno, na ni wepesi huo ulionipa nafasi ya kukaa kimya miaka mitatu. Njoo Tena mchana, watu wakiwepo, usimame pale getini, uniambie ni mimi mtu wa aina gani. Sema kwa sauti. Nitasimama nisikilize mpaka umalize, na hakuna atakayekukatiza, nimewaomba wote. Ukimaliza, kama unataka kurudi Mwingi siku hiyo hiyo, nitakupeleka mwenyewe kwenye basi, na barua ya posa itakaa chini ya mto wa Ami mpaka nijue la kufanya.

Lakini kasirika, Musyoka. Mara moja tu maishani mwako, nikasirikie.

Ni mimi jirani yako, niliyesema nimelijaza,
Salim